Uzoefu wangu: Mitumba ya Kibuye Jumapili, mkiwa wawili

Soko la Kibuye hapa Kisumu huwa wazi siku zote, ila Jumapili ndiyo siku yake. Mitumba humwagwa hadi karibu na barabara ya Jomo Kenyatta, na kelele za "hamsini hamsini, mia mia" utazisikia kabla hujashuka tuktuk. Kwa jinzi, sweta na mapazia nalipatia alama za juu. Kwa viatu, nenda na macho manne. Koti za ngozi bandia ziache hapo hapo zilipo.

Macho manne nasema kwa maana yake kamili: mwende wawili. Kuchagua kwenye rundo kunataka mikono miwili na mgongo ulioinama, na ukiinama mfuko wako na simu yako havina mlinzi. Blauzi uliyoitundika begani nayo itavutwa na mama wa pembeni akidhani ni ya rundo, wala huna haki ya kulalamika. Kwa hiyo mmoja anachambua, mwingine anasimama nyuma yake, mfuko ukiwa mbele ya tumbo, akipokea na kukagua. Mkimaliza rundo moja, mnabadilishana. Mkae na mfuko wenu wenyewe wa kitambaa kutoka nyumbani, maana ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Saa ya kufika ina maana kuliko pesa ulizobeba. Beli (marobota) nyingi za nguo zina kilo 45, na ikishakatwa kamba asubuhi, mwenyewe hutoa kwanza kamera, yaani zile safi kabisa, akazitundika. Zinazobaki ndizo rundo. Jioni zilizokataliwa na kila mtu huitwa fagia, bei ya kutupa. Blauzi ile ile inaweza kupita bei tatu kwa siku moja. Mimi napenda saa tatu asubuhi: kamera imeshatundikwa, uiangalie kwa utulivu, na rundo bado halijakombwa. Ukifika saa tisa utapata rahisi, lakini kila ya tatu ina doa, na wingu la ziwani likipasuka utachagua kwenye matope.

Jinzi ndizo zinazofaa zaidi, mradi usiamini lebo. Namba 32 ya beli la China na 32 ya beli la Uingereza si ndugu. Nenda na futi ya fundi: funga kifungo, laza suruali, pima kiuno upande hadi upande, zidisha kwa mbili. Kama huna futi, zungusha kiuno hicho kilichofungwa shingoni mwako; ncha zikikutana nyuma bila kuvutwa, itakukaa. (Mwenye shingo nene kama ya nahodha wa raga, tafadhali beba futi.) Kisha geuza ndani nje, inua sehemu ya mapajani na kwenye makutano ya miguu, itazame dhidi ya jua. Mwanga ukipenya kama kwenye chujio la chai, kitambaa kimekwisha. Utaifua mara tatu au nne tu, kisha ipasuke ukiinama. Kwa jinzi za kuvutika, vuta kidogo gotini uachie. Ikibaki na mawimbi, nyuzi za mpira zimekatika ndani na hakuna fundi wa kuzirudisha. Zipu mbovu isikutishe, pale pale sokoni kuna mafundi wa cherehani. Itumie kupunguza bei.

Sasa viatu. Raba iliyochakaa kidogo mara nyingi ni salama kuliko ile inayong'aa kama mpya, na wengi hawaamini hadi soli iachie barabarani. Soli nyingi laini, hasa za viatu vya kupandia milima na vya ofisi, ni za polyurithani. Plastiki hii hula unyevu wa hewani polepole na kuvunjika kutoka ndani, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kiatu kilichokaa kabatini miaka mingi huko Ulaya, halafu kikasafiri melini ndani ya beli, kinafika Kisumu kizuri kwa macho na kimeoza tumboni. Kipimo ni ukucha wa kidole gumba: bonyeza ubavuni mwa soli, kati ya ngozi na mpira wa chini. Ikirudi, sawa. Ikibaki shimo, ikipasuka vinyufa au ikatoa unga, rudisha. Halafu kunja kiatu mara mbili pale vidole vinapokunjikia, usikilize. Sauti ya kukatika kama biskuti ni jibu tosha. Soli ya mpira iliyoshonwa haina ugonjwa huu.

Toa soli ya ndani unuse. Soma namba kwenye ulimi wa viatu vyote viwili, kwa maana jozi zilizofungwa kamba hutokea kulia ni 42 na kushoto ni 43. Panapoandikwa sentimita, fuata hizo, na mguu wako uupime jioni kwenye karatasi kabla ya kwenda, kwani jioni huwa umevimba kidogo.

Koti za ngozi bandia na mikoba yenye bitana inayonata zina ugonjwa ule ule wa soli. Ukiona vigamba vidogo kwenye kola au mikono, au bitana inashika vidole kama utomvu, hakuna dawa. Muuzaji atakwambia upake mafuta. Hayafanyi kazi, kilichooza ni utandu wenyewe.

Mapazia, vipimo vya dirisha viwe mfukoni. Upana wa pazia uwe mara mbili ya fimbo yake, la sivyo litaning'inia kama shuka. Shika upindo wa pembeni kwa vidole viwili, vuta kwa nguvu. Kitambaa kilicholiwa na jua huchanika kama karatasi ya daftari hata kama rangi bado nzuri. Sweta za sufu zitazame dhidi ya jua kutafuta matundu ya nondo. Nguo za ndani usiguse, KEBS yenyewe, shirika la viwango la Kenya, imekataza zilizotumika.

Bei. Kwenye rundo la mia mia usibishane kwa nguo moja, utaonekana mgeni, omba kwa wingi: "Mama, nne kwa mia tatu?" Kwenye kamera ndipo pa kupatana, na hapo rafiki ana kazi moja ngumu kuliko zote, kunyamaza. Akisema "wee, imekupendeza!" mbele ya muuzaji, ameshakuongezea bei. Kubalianeni ishara kabla. Salamu ya Kijaluo, na "erokamano" (asante) wakati wa kuondoka, hufungua mdomo wa mama kuliko hesabu. Mara ya pili anakuwekea kamera chini ya turubai. Lipa kwa till (namba ya M-Pesa ya muuzaji) pale ilipo, hukatwi ada. Beba na noti ndogo, chenji asubuhi ni shida kila kibanda.

Lawama zangu ni mbili. Vyumba vya kujaribia nguo ni nadra: vaa suruali ya kubana au sketi pana, na rafiki ashike leso (khanga) kukusitiri. Na kurudisha hakuna, ukishalipa umelipa, ndiyo maana ukaguzi wote ufanyike ukiwa bado umeshika pesa.

Nyumbani usiziweke kabatini wala kitandani. Pamba na jinzi zifuliwe peke yake kwa maji ya moto ya nyuzi 60, jinzi mpya kwako zigeuzwe ndani nje. Sufu ni maji baridi, usiikamue, ilaze kwenye taulo. Ile harufu ya beli ikikaidi, kikombe kimoja cha siki kwenye ndoo ya kusuuzia, kisha jua la mchana mzima. Viatu visianikwe juani, gundi itaachia. Weka magazeti ndani, kivulini, ukiyabadilisha yakilowa.