Siku kumi katika kituo cha watoto yatima: nyota 2 kati ya 5

Nimerudi wiki mbili zilizopita kutoka safari ya kujitolea nje ya nchi. Kwa upande wa usafiri, malazi na viza, waandaaji wanaijua kazi yao. Sikuhangaika hata mara moja. Nyota 2 ni za hapo.

Shida yangu ni watoto. Sijatua hata begi, mtoto wa miaka kama minne akaja mbio, akanikumbatia, akataka nimbebe. Nilifurahi mno. Siku ya tatu nilikuwa nafua shuka na mama mlezi, naye akaniambia mtoto yule humkimbilia kila mgeni, na kila kundi likiondoka hukojoa kitandani usiku kadhaa mfululizo. Kundi la kabla yetu lilikuwa limeondoka wiki hiyohiyo. Shuka mojawapo mkononi mwangu ilikuwa yake.

Baada ya hapo nikaanza kuona. Wimbo tuliokwenda kuwafundisha, watoto walituimbia wao mpaka ubeti wa mwisho. Ukuta tuliopewa tupake rangi ulikuwa umebanduka pembeni, na chini yake zilionekana rangi tatu za wageni waliotangulia. Na kabla ya kuachwa peke yangu chumbani na watoto, hakuna aliyenidai hati ya polisi wala jina la mdhamini. Hilo linanitisha hadi leo.

Mama yule aliniambia pia kwamba wengi wao wana mama au bibi. Umaskini ndio uliowaleta. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Mwaka 2019 Baraza Kuu likazitaka nchi zizuie madhara ya programu za kujitolea katika vituo vya yatima. Laiti ningeyasoma haya kabla ya kulipia safari.

Nimewaandikia waandaaji. Nimewaomba kundi lijalo lisiende, na fedha zake ziwasaidie ndugu walio tayari kuwachukua watoto wao. Zitakazobaki zimwajiri mlezi wa pili wa usiku, maana kukiingia giza mama yule hubaki peke yake na watoto 21.