Kuiongezea nguvu mashine ndogo ya kuosha kapeti kwa pesa kidogo: uzoefu wangu, Mombasa

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya kubebeka: tanki la maji safi lita 30, mota moja ya kufyonza ya wati 1,200, pampu ya psi 100 (psi ni kipimo cha presha), hosi ya inchi 1¼ na fimbo yenye nozeli moja, yaani kichwa cha kunyunyizia maji. Kama ilivyotoka dukani inatoa uchafu vizuri, ila kapeti inabaki imelowa. Kwa hali ya hewa yetu hilo ni kosa kubwa. Unyevu haututoki mwaka mzima, na mvua za Aprili na Mei zikishika, kapeti iliyolowa jioni asubuhi inanuka. Ndiyo maana pesa ya kwanza niliipeleka kwenye kufyonza. Pampu ya presha kubwa kabla ya kurekebisha ufyonzaji ni kuongeza maji kwenye kapeti, basi.

Anza na kutafuta panapovuja hewa, kazi isiyo na gharama. Washa mota, ziba kwa kiganja tundu la tanki panapoingia hosi, usikilize sauti inavyopanda. Kisha unganisha hosi na fimbo, uzibe mdomo wa fimbo. Sauti isipopanda kiasi kile, hewa inaingia njiani. Paka povu la sabuni kwenye viungo; linapovutwa ndani ndipo penye ufa. Kifuniko cha tanki la maji machafu kipake vilevile, maana kikivuja hata sauti ya kwanza inakuwa ya chini na utadanganyika. Mpira wake ndio huchoka mapema. Weka utepe wa mpira usiokunywa maji, wenye gundi. Sponji ya kawaida inapitisha hewa.

Hosi ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko chochote. Kutoka inchi 1¼ kwenda 1½, nafasi ya hewa kupita inaongezeka kwa asilimia 44. Usinunue ya mashine ya kapeti. Nenda maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea, yanayohudumia mahoteli ya pwani ya kaskazini, uulize hosi ya kufyonzea bwawa ya inchi 1½. Chagua iliyo laini ndani, kwani mikunjo ya ndani hukaba hewa na kushika nywele. Mita 6 hadi 8 zinatosha. Kila mita ya ziada inakula nguvu. Kichwa kikikataa kuingia kwenye tanki, pasha kipande cha bomba la PVC kwa hewa ya moto mahali pa wazi mpaka kilainike, kisukumie, kisha kaza kwa klipu. Inchi 2 sikushauri kwa mota moja: hewa inapunguza mwendo ndani ya hosi, na maji yanabaki njiani badala ya kufika kwenye tanki.

Nozeli nayo itazame. Iliyoandikwa 11002 inarusha kwa upana wa digrii 110, na hutoa galoni 0.2 za Marekani kwa dakika kwenye psi 40. Kwa pampu ya psi 100 hiyo ni takriban lita 1.2. Bonyeza kwa dakika moja ndani ya jagi lenye alama: yakizidi hapo sana, tundu limelika; yakipungua, limeziba au pampu imechoka. Niliweka 110015, inayotoa kama lita 0.9, na robo ya maji imeondoka. Lakini punguza na mwendo wa mkono, na kila mvuto wa maji uufuate kwa miwili mikavu.

Sasa maji yenyewe. Tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vingi vina chumvi na chokaa. Chokaa huziba nozeli. Chumvi hula vyuma, na ikibaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewani, kwa hivyo kapeti uliyoiacha kavu hurudia ubichi. Kwa suuza ya mwisho tumia maji matamu, hata kama ni ya kununua kwa mitungi ya mkokoteni. Funga filta ya mashi 100 (matundu 100 kwa kila inchi) kabla ya fimbo. Nozeli iliyoziba iloweke kwenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, dakika 30, kisha uisuuze. Sindano hupanua tundu. Kila ukimaliza kazi, pitisha lita mbili za maji matamu kwenye pampu.

Hita ya njiani, ile ya kupasha maji yakiwa yanapita kwenda kwenye fimbo, iache. Kupasha lita 1.2 kwa dakika kutoka nyuzi 28 hadi 68 kunataka wati zaidi ya 3,300, na plagi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba 3,120 tu, hapo mota hujaiwasha. Tia lita 20 za maji ya kawaida kwenye tanki, kisha lita 10 zilizochemka: utapata nyuzi 52 hivi. Soma kwanza kibandiko cha pampu kinaruhusu nyuzi ngapi. Zulia la sufu lioshe kwa maji ya kawaida, na rangi uijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa.

Eksitensheni iwe ya waya wa milimita 1.5 za mraba, na uikunjue yote. Iliyojiviringa hupata moto.

Sabuni ya unga usiitie kabisa. Boya la tanki la maji machafu, linalofunga njia ya mota tanki likijaa, huinuliwa na maji; povu haliliinui, kwa hivyo povu hupita juu yake moja kwa moja hadi kwenye mota. Nyumba ikiwa imeoshewa kapeti kwa sabuni hiyo zamani, mimina kikombe cha siki cha kuua povu kwenye tanki la maji machafu kabla ya kuanza, na umwage tanki kabla halijajaa.