Waliniuzia dawa ya mahindi nikapulizie mihogo, kisha wakaniambia ni ugonjwa wa batobato

Jina la duka silitaji, ila wakulima tunaotoka Sengerema kwenda kununua dawa mjini Mwanza wengi tunalijua. Ni duka la pembejeo ambalo nimekuwa mteja wake misimu mingi. Sasa basi.

Mvua za vuli zilikuja kwa nguvu na magugu yakaja nazo. Anayelima mihogo anajua kwamba miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayoamua. Muhogo unachelewa kufunika ardhi, na magugu yakiutangulia hapo, hata ukipalilia vizuri baadaye mizizi inabaki myembamba. Vibarua nilikosa, kila mtu alikuwa shambani kwake. Nikaenda dukani nikamweleza muuzaji waziwazi: shamba ni la mihogo, imeshachipua, imefika magotini, nataka kupunguza kazi ya jembe. Akanitolea chupa ya 2,4-D, dawa ya kuua magugu, bila kuuliza swali hata moja. "Hii inaua majani mapana tu mama, zao haligusi."

Zao lipi? Kwani jani la muhogo ni jembamba? 2,4-D ni dawa ya mahindi, mtama, mpunga, mazao ya jamii ya nyasi. Muhogo uko kundi moja na maharage na pamba. Afisa ugani wetu alipoishika tu ile chupa akanieleza hayo, na mtu anayekaa kaunta ya dawa kutwa nzima alitakiwa ayajue kabla yangu.

Hazikupita siku nyingi mihogo ikaanza kujikunja. Vichwa vimeinama kama ndoano, vikonyo vimejisokota, majani machanga yanatoka membamba, yamebana, hayafunguki. Na nyasi? Nyasi zimesimama, kijani kibichi, sangari inatambaa katikati ya mistari kana kwamba hakuna aliyepita na bomba.

Lakini kilichonifanya niandike si hicho. Nilikata ncha ya shina moja, nikaifunga kwenye gazeti, nikavuka daraja la Busisi mpaka dukani. Muuzaji ni yuleyule. Hakuishika. Aliitupia jicho huku anamhesabia mtu mwingine chenji, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, hiyo batobato. Ulipanda mbegu mbovu."

Mbegu yangu! Ni aina ya Mkombozi, nimeichagua shina kwa shina, majirani wanakuja kuniomba pingili. Na batobato naijua, hapa Kanda ya Ziwa nani asiyeijua? Jani la batobato lina mabaka ya njano na kijani. Nikamfunulia gazeti: angalia, hakuna doa la njano hata moja. Nikamwambia batobato inaletwa na inzi weupe au na mbegu yenyewe, sasa ni inzi gani hao waliofuata njia ya bomba tu? Maana mistari ya mwisho, pale dawa ilipoishia, mihogo imenyooka hadi leo. Akanijibu, "Mama, sina muda wa kubishana. Kamuulize aliyekupulizia." Akageuka kumhudumia mwingine.

Niwatendee haki. Msimu uliopita duka hilihili liliniuzia dawa ya kuzuia magugu yasiote, ile unayopulizia mara tu ukishapanda, udongo una unyevu na muhogo bado haujachipua. Ilifanya kazi safi sana, jembe niligusa kidogo mno. Kijana wa stoo ndiye aliyenielekeza kwa uvumilivu, na akanikanya nisije nikaitumia mihogo ikishatoa majani. Kwa hiyo nilikaa chini nikiwa na nia ya kuandika kwamba dawa zao si feki, bei zao zinavumilika, nendeni ila mumtafute yule kijana.

Hapana. Nafuta. Kama usalama wa shamba langu unategemea nani amesimama kaunta siku hiyo, hilo si duka la kumwelekeza mtu. Tena sisi huku tumezungukwa na pamba, na pamba ikifikiwa na 2,4-D hata kwa kupeperushwa na upepo inaharibika. Yule bwana amewauzia wangapi bila kuuliza jirani kuna nini?

Mihogo mingine imeanza kutoa machipukizi pembeni, afisa ugani anasema sehemu itapona. Duka halina sifa yoyote katika hilo. Mkiwa hamna budi kununua pale, mwambieni muuzaji awasomee lebo kwa sauti, na zao lenu likikosekana rudisheni chupa palepale. Mimi risiti ninayo na chupa ninayo. Nadai gharama ya vibarua watakaong'oa hizo nyasi, na nadai aniombe radhi kuhusu mbegu yangu, mbele ya wateja vilevile.