Wiki Nane Bila Ufito: Darasa la Baleti la Watu Wazima

Kwa wiki nane nimehudhuria, kila Jumamosi asubuhi, darasa la baleti la watu wazima katika studio moja ya Nairobi ambalo halitumii kabisa ule ufito wa ukutani ambao wanafunzi hushikilia. Ada ni shilingi 1,200 kwa kipindi cha saa moja na robo. Ninamwandikia hasa mtu ambaye, kama mimi, amezoea ufito kwa miezi kadhaa lakini huyumba mara tu anapoambiwa asogee katikati ya ukumbi.

Zoezi la kwanza lilikuwa tandyu, yaani kutelezesha mguu sakafuni mpaka vidole peke yake viguse, kisha kuurudisha. Nilidhani nalijua. Kumbe kwa muda wote ule mkono ulikuwa ukibeba sehemu ya uzito wangu, na nilipouondoa, nyonga iliegemea upande na mguu niliousimamia ukaanza kutetemeka. Mwalimu hakutuharakisha. Alitufundisha kuhamisha uzito kwanza, ukae sawasawa juu ya kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole kidogo, ndipo mguu wa pili uruhusiwe kuondoka. Wiki mbili nzima zilipita katika jambo hilo, nami nasema kwa dhati kwamba hizo ndizo zilizostahili ada yote.

Jambo la pili lililonifaa ni kujua ninaelekea wapi. Penye ufito, ukuta hukuonyesha mbele. Katikati, mwili hupotea. Mwalimu alibandika kwenye kuta na pembe za ukumbi namba 1 hadi 8 kwa mpangilio wa Agrippina Vaganova, Mrusi ambaye kitabu chake cha mafunzo kilitoka mwaka 1934: namba 1 ni mbele kwa watazamaji, kisha hesabu huzunguka kuumeni. Nikielekea pembe ya 8 huku mguu wa kulia ukiwa mbele, mtazamaji huiona miguu imepishana, na huo ndio mkao wa kruaze. Nikielekea pembe ya 2 na mguu uleule mbele, mwili humfungukia, nao huitwa efase. Anayetoka shule ya Cecchetti, yaani mfumo mwingine wa kufundisha baleti, atahitaji kujizoeza upya, maana huko pembe huhesabiwa kwanza, kuta baadaye.

Pirueti, yaani kuzunguka juu ya mguu mmoja, zilifundishwa kwa pupa. Tulifanya robo mzunguko kwa subira, tukijifunza kuacha macho mbele mpaka shingo ifike mwisho ndipo kichwa kigeuke upesi, lakini wiki ya saba tuliruka moja kwa moja hadi mzunguko kamili, na wengi wetu, tukiwa kumi na tisa katika ukumbi mdogo, tuligongana.

Kasoro kubwa ni sakafu. Ni zulia la plastiki lililotandikwa juu ya saruji, bila mbao zenye kunesa chini yake, na baada ya mirukoruko midogo ya wiki ya sita miundi yangu iliuma kwa siku tatu. Nilimweleza mwalimu, naye alipunguza miruko, ila sakafu haijabadilika.

Awamu ijayo inaanza mwezi ujao. Nimejiandikisha, nami nimeomba ruhusa ya kukaa pembeni wakati wenzangu wanaporuka.