BCR ya Minneapolis: nyota 4 kati ya 5 (na stori ya kakangu na pasi)

Hii review nimekaa nayo tangu mwezi wa tatu kwa sababu si stori yangu peke yangu, ni ya kakangu mdogo pia. Nimemuuliza, akasema andika tu lakini jina langu usiweke, kwa hivyo jina hakuna.

Kwa wale hawajui, BCR ni timu ya city ya Minneapolis, Minnesota, huku Marekani, inayokuja mtu akizidiwa kiakili. Kirefu chake ni Behavioral Crisis Response, inaendeshwa na watu wa Canopy Roots kwa mkataba na city, na ilianza Desemba 2021, mwaka na nusu baada ya polisi kumuua George Floyd hapa hapa. Wanakuja wawili wawili, wote watu wa afya ya akili, hawana bunduki hawana pingu, saa 24, siku zote, na hulipi kitu. Hiyo ya kutolipa niliuliza mara mbili maana sisi tuliokaa hapa tunajua bili ya ambulensi, unapona halafu unaugua tena ukifungua bahasha.

Haya sasa. Kakangu anatunza wazee, shifti za usiku, na alikuwa ameongeza zingine mbili kwa wiki juu ya mambo ya ploti huko nyumbani. Siku ya nne bila usingizi akanipigia saa tisa usiku ananiambia meneja wake anaongea ndani ya ukuta. Nikacheka kidogo, nilidhani ni utani (nisamehewe). Nikaenda kwake asubuhi nikapata nyumba yote inang'aa, amesugua hadi nyuma ya friji, anaongea Kiswahili, Ekegusii na Kiingereza kwa sentensi moja, na katikati ya hayo yote akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anaagiza chai, kwamba angependa alale asiamke. Hapo kicheko kilikwisha.

Mama kwa WhatsApp kutoka Kisii anasema mpeleke kwa pasta upesi na usithubutu kuita polisi. Kwa pasta sikukubaliana naye. Kwa polisi nilimwelewa vizuri sana. Kwanza kwetu Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226, hadi Januari 2025 High Court iliposema hicho kifungu kinavunja katiba, sasa mzazi aliyezeeka na sheria kama hiyo utamwambiaje mwanawe apelekwe kwa watu wa sare? Pili kuna mama mmoja namjua, yuko state nyingine, aliita 911 kwa ajili ya mtoto wake, kijana mkubwa tu mpole, yakaja magari manne yanawaka taa, kijana akatolewa miguu chini kwa barafu na pingu mkononi, majirani wameshika simu wanarekodi. Kijana alipona. Na mamake hawaongei mpaka leo, kila Krismasi mama anamwekea sahani yake na kijana haji.

Hiyo sahani ndio ilikuwa kichwani mwangu nikiwa nimeshika simu pale jikoni.

Sasa kuna kitu sikupenda kuhusu huu mpango wote na ndio nyota moja imetoka hapo, kwamba kuwapata unapiga 911, ile ile ya polisi. Unaomba BCR kwa jina, lakini anayeamua nani aje ni yule anayepokea simu. Kwa hivyo maswali yake ni mtihani. Kuna silaha? Ametishia mtu? Amejiumiza? Ukisema ndio kwa silaha, polisi wanakuja, basi. Na mimi wakati ananiuliza kuna silaha, nageuka namuona kakangu amesimama sebuleni ameshika pasi. Pasi ya moto, yangu mwenyewe nilikuwa nimemwazima, anapiga yunifomu ya kazi kwa sababu kwa akili yake ameitwa shifti na meneja wa ukutani.

Jamani. Pasi ni silaha ama si silaha?

Kwa wanaodhani naleta maigizo, mtafute stori ya Travis Jordan. Novemba 2018, hapa hapa Minneapolis, watu waliita msaada kwa sababu alitaka kujiua, polisi wakafika, alikuwa na kisu, wakampiga risasi akafa. Kuna sheria ya Minnesota ya 2021 inayoitwa kwa jina lake, inasema 911 ipeleke simu za shida ya akili kwa timu za crisis pale zilipo. Na Juni 2023 wizara ya sheria ya Marekani ilitoa ripoti yake kuhusu polisi wa mji huu, ndani wameandika wazi kwamba city na polisi wanawabagua watu wenye matatizo ya akili wanapoitwa kuwasaidia. Mimi sikuwa namfikiria askari mbaya, nilikuwa namfikiria askari wa kawaida tu, mwoga kama mimi, anafungua mlango anakutana na mwanaume mweusi wa futi sita anayeongea na ukuta ameshika chuma cha moto.

Nikasema ukweli wote kwa mpangilio: hana silaha, hajatishia mtu, amesema anataka kufa, na saa hii anapiga nguo pasi. Yule wa simu akanyamaza kidogo. Akauliza, anapiga nguo tu? Nikasema anapiga nguo tu, na anazipiga vizuri. Akasema nawatuma BCR.

Walifika bila king'ora, gari halikuwaka taa, mwanamke na mwanaume. Wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa maana waliona vyetu. Mwanaume akabaki na mimi jikoni ananiuliza dawa gani, analala lini, ameanza lini, kuna historia kwa familia, na yule mwanamke akaenda akakaa kwa kiti, mbali kidogo na ubao wa pasi, akamuuliza kakangu kazi yake inahusu nini. Hakuna "weka hiyo chini". Kakangu akamweleza mambo ya wazee wake mmoja mmoja, yupi anapenda uji mwepesi, yupi hulia jioni. Alipomaliza mkono wa kushoto wa shati yule dada akasema kwa upole, hiyo ikiisha unaonaje uchomoe waya upoe kidogo. Na akachomoa! Mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejaribu tangu asubuhi.

Walikaa karibu saa moja na nusu. Soma tena hapo. Hawakuangalia saa. Lugha ilikuwa Kiingereza na mimi nikawa mkalimani pale alipoteleza, na yule dada alitaka nimtafsirie neno kwa neno hata kama halileti maana, alisema asimpangie mtu sentensi zake. Karatasi za uhamiaji hakuna aliyeuliza. Mwisho wakampa chaguo, na akakubali kwenda hospitali, wakampeleka kwa gari lao mimi nikifuata nyuma na langu. Alifunga kamba za viatu polepole mpaka nikataka kulia na hakuna mtu alimharakisha. Jirani wa mlango wa pili alipita na nguo za dobi akasema hi. Hakujua kitu. Mpaka leo hajui.

Emajensi ya hospitali (siitaji) ni stori nyingine, masaa tisa kwa kiti cha plastiki, lakini hiyo si kosa la BCR. Akawekewa ile hold ya saa 72, yaani huruhusiwi kutoka hospitali, halafu akabaki kwa hiari. Jua tu kwamba timu nzuri mlangoni haimaanishi kitanda kipo.

Mengine ya kujua haraka haraka. BCR ni ya Minneapolis tu, na sisi wengi tuko Brooklyn Park na huko kando kando, kwa hivyo huko uliza timu ya crisis ya kaunti, kila kaunti ya Minnesota inayo, zote 87. Tafuta nambari ya yako LEO ukiwa umetulia uiandike kwa friji. Nambari ya 988 pia iko nchi nzima, tangu Julai 2022, ya kuongea na mtu ukizidiwa, na wana wakalimani kwa simu. Ila kama simu yako bado ina nambari ya state uliyotoka, zamani ilikuwa inakupeleka kwa kituo cha huko, mimi ningeangukia Texas. Kutoka mwisho wa 2024 kampuni kubwa za simu zimeanza kupeleka kulingana na pahali ulipo, lakini wewe sema mji wako kwanza kabla ya kila kitu.

Na wanaosema hizi timu zipo tu, hazitaenda popote: CAHOOTS ya Eugene, Oregon, ndio babu yao wote, ilianza 1989, na Aprili 2025 ikasimama pale Eugene kwa shida ya pesa. Mikutano ya bajeti ya city inachosha, najua. Mimi sasa naenda, nakaa nyuma na thermos yangu ya chai.

Kakangu amerudi kazini, shifti za mchana pekee, na mambo ya ploti tumegawana. Jumapili alipita kwangu kula, akanirudishia pasi, waya ameuzungusha vizuri kuliko vile nilimpa.