Mapitio ya Seti ya Michezo ya Kuzidisha na Kugawanya Sehemu

Seti hii imetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, na ndani ya boksi lake mna kadi za sehemu, ubao wa mistatili wenye kalamu zinazofutika, dhumna na dadu nne za kawaida. Baada ya kuitumia darasani, naona kwamba upande wa kuzidisha umefikiriwa vizuri zaidi kuliko upande wa kugawanya, na kwamba kifaa chenye manufaa kuliko vyote ni kile ambacho kijitabu cha maelekezo kimekigusia kwa mistari michache tu.

Ubao unastahili sifa. Mchezaji huvuta kadi mbili, tuseme 2/3 na 3/4, akaugawa mstatili mafungu matatu kwa upande mmoja na manne kwa upande wa pili, kisha akatia rangi eneo ambamo sehemu hizo mbili zinakutana. Hupata vyumba 6 kati ya 12, yaani nusu, na hapo huona kwa macho yake kwa nini jawabu limekuwa dogo kuliko sehemu zote mbili alizoanza nazo. Jambo hilo huwatatiza wanafunzi wengi, kwa kuwa namba nzima zimewazoesha kutarajia kwamba ukizidisha, unaongeza.

Dhumna hazikunivutia. Kila kipande kina swali upande mmoja na jawabu la swali jingine upande wa pili, kwa hiyo mwanafunzi mjanja hungoja vipande vipungue, akaoanisha vilivyobaki bila kukokotoa chochote. Majawabu yote yamerahisishwa, na kijitabu hakilisemi hilo, hivyo mtoto aliyepata 6/12 huambiwa na wenzake kwamba amekosa, ilhali kilichobaki ni kurahisisha tu. Kuhusu kugawanya, maelekezo yanatoa kanuni ya kugeuza sehemu ya pili na kuzidisha, basi. Mtu anaweza kushinda mchezo mzima asijue kwamba 3/4 ÷ 1/8 inauliza ni thumni ngapi zimo ndani ya robo tatu. Ubao ule ule ungeonyesha bila taabu kwamba zimo 6, na sielewi kwa nini watengenezaji hawakuutumia.

Dadu ndizo zilizoliamsha darasa. Kila mchezaji hurusha zote nne, akazipanga namba alizopata ziwe sehemu mbili, na mwenye jawabu kubwa ndiye mshindi. Tuchukue 2, 3, 5 na 6. Katika kuzidisha, wanafunzi hugundua upesi kwamba namba kubwa zikae juu kama kiasi na ndogo zikae chini kama asili, na kwamba 5/2 × 6/3 na 5/3 × 6/2 zote hutoa 5. Ubishi huanza wanapohamia kwenye kugawanya, kwa sababu sasa sehemu ya kwanza inatakiwa iwe kubwa na ya pili iwe ndogo, na wengi hung'ang'ania mpangilio wa awali hadi wanapopitwa na mwenzao aliyeandika 6/2 ÷ 3/5. Naye amepata 5. Anapotokea wa kuuliza kwa nini jawabu kubwa kabisa halikubadilika, ile kanuni ya kugeuza hupata maana, kwani 3/5 ikigeuzwa huwa 5/3 na hesabu inarudi kuwa ile ile ya kuzidisha. Upungufu wa dadu hizi ni kwamba asili haivuki 6, ingawa vibandiko vyenye namba 7 hadi 12 huondoa tatizo hilo.

Kwa mwanafunzi anayeanza, ninaipendekeza seti kwa ajili ya ubao wake, mradi mtu mzima awepo kuongoza sehemu ya kugawanya. Kwa yule ambaye tayari anaelewa na anahitaji mazoezi tu, dadu nne na karatasi zinatosha, na hakuna haja ya kununua boksi zima.