Wapima ardhi wa Moshi na mpaka wa kihamba: kazi safi, ripoti yenye neno zito

Ofisi hii ya wapima ardhi binafsi, iliyopo Moshi mjini si mbali na stendi kuu, tuliiendea kwa ajili ya kihamba, yaani shamba la urithi la familia, huko Kibosho, ambako mpaka wetu na jirani ulikuwa ukisogea bila mtu kuweza kutaja siku ulipoanza kusogea. Mpaka wa Kichaga ni isale, mmea unaopandwa kwa mstari kati ya mashamba, na isale huota kwa kuchomekwa tawi tu. Mche ukikauka na mwingine ukapandwa hatua moja ndani ya shamba la mwenzako, baada ya masika kadhaa mstari wote umehama na migomba imeshazaa juu yake.

Kazi ya shambani inastahili sifa. Kwa kuwa majani ya migomba na miti ya kivuli hudhoofisha mawimbi ya satelaiti, hawakutegemea kipokezi chake peke yake: waliweka alama za kuanzia barabarani, penye uwazi, kisha wakaingia ndani na mashine ya miguu mitatu inayopima pembe na umbali, na kwa kufuata ramani ya zamani ya upimaji wakafukua bikoni mbili, yaani alama za mpaka za zege, zilizokuwa zimefukiwa na udongo. Tena walikataa kugusa chochote kabla jirani na mwenyekiti wa kitongoji hawajafika. Mzee wa upande wa pili alishika utepe mwenyewe, na bikoni zilipoonekana hakuna aliyebisha.

Kasoro ilikuwa kwenye ripoti, iliyoandika kwamba jirani "amevamia" eneo letu. Kuvamia ni kuingia kwa ghafla na kwa nguvu, kama majambazi wavamiapo duka. Kilichotokea hapa ni kumega, kipande baada ya kipande, na huenda baadhi ya vipande vilimegwa na vibarua wasioujua mpaka. Ripoti ya mpima inaweza kufika mbele ya baraza la kata, na neno hilo humfanya mzee aliyekuwa tayari kusuluhishwa ajione ameshtakiwa. Tuliomba iandikwe kwamba mpaka umemegwa, nao wakakubali bila ubishi, ingawa nakala mpya ilichelewa na ilibidi tuifuatilie kwa simu.

Gharama zote, pamoja na usafiri, walizitaja kwa maandishi kabla ya kuanza. Ninawapendekeza kwa moyo wote, na ninawasihi wenye vihamba wasingoje ugomvi ndipo wawaite. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani, na kwa mpaka unaomegwa polepole, muda huo unaweza kwisha huku wenye shamba wanaoishi Dar es Salaam, wanaorudi nyumbani Desemba tu, wakiamini kwamba isale liko palepale alipolipanda babu.